Ukucha wa Mguu Ulioumia: Kutuliza Maumivu Nyumbani

Maumivu ya ukucha wa mguu mara nyingi huwa makubwa kuliko jeraha lenyewe. Mtu hujikwaa kwenye kizingiti, au huangukiwa na mchi kidoleni, na mahali palipoumia hapazidi upana wa sarafu, lakini usiku usingizi haupatikani. Sababu iko katika maumbile ya sehemu hiyo. Ukucha ni bamba gumu la keratini, dutu ileile inayojenga nywele, nao wenyewe hauna mishipa ya fahamu. Ndiyo maana kuukata hakuumi. Chini yake kuna nyama laini iliyojaa mishipa ya damu na ya fahamu, na chini ya nyama hiyo, karibu bila nafasi yoyote, kuna mfupa wa ncha ya kidole. Nyama ikipondwa, damu huvuja na kukosa pa kwenda, kwa kuwa juu imezibwa na ukucha na chini imezuiwa na mfupa. Shinikizo hupanda. Kila pigo la moyo husukuma damu nyingine mahali palepale, na kidole hupwita kwa mdundo uleule wa moyo.

Kwa hiyo kutuliza maumivu haya ni kazi ya kupunguza shinikizo kwanza, na dawa baadaye. Anayemeza vidonge huku kidole kimebanwa ndani ya kiatu na mguu unaning'inia atapata nafuu ndogo, na huenda akashawishika kuongeza dozi bila sababu.

Kiatu na soksi vivuliwe mara moja, pamoja na pete ya kidole kama ipo, maana baada ya nusu saa uvimbe unaweza kuizuia isitoke. Ngozi ikiwa imechubuka, kidole kioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka, ya bombani au ya kumiminwa kwa kata, mpaka mchanga wote utoke. Maji yanayofaa kunywa yanafaa kuoshea jeraha. Ya kisima au ya bwawa yachemshwe kwanza na kuachwa yapoe. Spiriti haihitajiki, wala dawa kali ya kuua vijidudu isiyochanganywa na maji. Huunguza nyama iliyo wazi, huumiza bure na huchelewesha kupona. Damu ikiendelea kutoka, kitambaa safi kikandamizwe juu ya jeraha kwa dakika 10 mfululizo bila kufunua kila mara ili kutazama, kwa sababu kila kufunua hubandua damu iliyoanza kuganda.

Baada ya hapo ndipo ubaridi. Barafu iliyofungwa ndani ya kitambaa iwekwe juu ya kidole kwa dakika 10 hadi 15, iondolewe, kisha irudiwe baada ya saa moja au mbili, siku ya kwanza na ya pili. Ubaridi hubana mishipa ya damu, hupunguza uvimbe na kuitia ganzi kidogo mishipa ya fahamu. Barafu tupu isiguse ngozi, kwani nayo huunguza. Pasipo na jokofu, barafu za vifuko wanazouziwa watoto mitaani zinafaa kabisa, na hata maji ya mtungi yanatosha: kitambaa huchovywa, hukamuliwa, huwekwa kidoleni na kubadilishwa kila kinapopata joto.

Sambamba na ubaridi, mguu uinuliwe juu ya usawa wa moyo. Hapa wengi hukosea kidogo. Kukaa kwenye kiti na kuegemeza mguu juu ya stuli hakuufikishi usawa huo. Inatakiwa mtu alale chali na chini ya mguu iwekwe mito miwili, au blanketi lililokunjwa mara kadhaa, ili kisigino kiwe juu kuliko kifua. Tofauti huonekana upesi: kupwita hupungua mguu unapokuwa juu na hurudi mara tu unaposhushwa. Hakuna tiba ya nyumbani iliyo rahisi kuliko hii, na hakuna inayopuuzwa zaidi yake.

Kinyume chake ni desturi iliyoenea sana ya kukanda kidole kwa maji ya moto na kukichua kwa dawa ya kuchulia jioni ileile ya ajali. Nia ni njema, na kwa msuli uliokaza siku nyingi kukanda kunasaidia, lakini kwa ukucha ulioumia leo joto hupanua mishipa, damu huvuja zaidi, na shinikizo lililokuwa la kuvumilika linakuwa la kutoa machozi. Kuchua nako husogeza nyama iliyopondwa na, kama kuna ufa kwenye mfupa, huuchokoza. Joto lina wakati wake. Baada ya siku mbili au tatu, damu ikiwa imeacha kuvuja, kuloweka mguu kwenye maji ya vuguvugu kwa dakika 10 hadi 15 hulegeza ugumu na kusafisha kingo za ukucha. Kidole kisichuliwe mpaka kiweze kuguswa bila kuuma.

Kuhusu dawa za kumeza, parasetamoli ndiyo ya kuanzia. Mtu mzima humeza vidonge 1 au 2 vya miligramu 500 kila baada ya saa 4 hadi 6, bila kupita vidonge 8 katika saa 24. Mwenye mwili mdogo sana, mwenye ugonjwa wa ini au anayekunywa pombe nyingi anahitaji kiasi pungufu na ushauri wa mfamasia. Mtoto hupewa kwa uzito wake, miligramu 10 hadi 15 kwa kila kilo, si zaidi ya mara 4 kwa siku, hivyo mwenye kilo 20 hupata kati ya miligramu 200 na 300 kwa mara moja. Hatari inayojificha ni vidonge vya mafua: vingi vina parasetamoli ndani yake, na anayevichanganya na parasetamoli ya kawaida huzidisha dozi bila kujua. Maandishi ya pakiti yasomwe.

Ibuprofeni, miligramu 200 hadi 400 baada ya chakula, mpaka mara 3 kwa siku, hupunguza maumivu na uvimbe kwa pamoja. Haiwafai wenye vidonda vya tumbo, wenye ugonjwa wa figo, wajawazito, wanaotumia dawa za kuzuia damu kuganda, wala wenye pumu ambao hubanwa kifua wakimeza dawa za aina hiyo. Diklofenaki, inayonunuliwa kwa urahisi katika maduka mengi ya dawa, ni ya ukoo huohuo. Kuzimeza zote mbili kwa wakati mmoja huongeza madhara kwa tumbo na figo bila kuongeza nafuu. Aspirini ni vema iachwe kabisa hapa. Hupunguza uwezo wa damu kuganda, jambo lisilotakiwa chini ya ukucha unaovuja damu, na haipaswi kupewa mtoto wa chini ya miaka 16. Antibiotiki si dawa ya maumivu. Ukucha uliopondwa bila jeraha wazi hauihitaji, na vidonge vichache vya amoksisilini vilivyobaki kabatini havisaidii kitu zaidi ya kuzoesha vijidudu dawa hiyo.

Usiku una shida yake. Mtu akilala, hakuna cha kumshughulisha, na uzito mdogo tu wa shuka juu ya ukucha huhisiwa kama jiwe. Dawa imezwe muda mfupi kabla ya kulala, mguu ubaki juu ya mto, na shuka lizuiwe lisiguse kidole. Boksi la karatasi lililokatwa upande mmoja na kuwekwa juu ya mguu linafanya kazi hiyo vizuri. Lisipopatikana, mguu uachwe nje ya shuka, ndani ya chandarua. Kama kidole chote kimeumia na kila kikisogea kinauma, kipande cha pamba huwekwa kati yake na kidole jirani, kisha viwili hivyo hufungwa pamoja kwa plasta ili jirani akishike. Plasta isikaze: ncha ya kidole ikiwa ya baridi, ikifa ganzi au ikibadilika rangi, ifunguliwe.

Ukucha ulioumia huwa katika mojawapo ya hali tatu, na kila moja ina matunzo yake.

Hali ya kwanza ni damu iliyonaswa chini ya ukucha, ambayo huonekana nyekundu iliyokolea, kisha zambarau, kisha nyeusi. Rangi ya kucha ifutwe ili hali ionekane. Hina haifutiki, kwa hiyo aliyejipaka aangalie zaidi ukubwa wa maumivu na uvimbe. Damu ikiwa kidogo na maumivu yanapungua kila siku, iachwe. Ikiwa imejaa sehemu kubwa ya ukucha na kupwita hakuvumiliki, tabibu au muuguzi aliyefundishwa anaweza kutoboa tundu dogo kwenye ukucha na kuitoa, na mgonjwa hupata nafuu papo hapo. Kazi hiyo hufaa zaidi ndani ya siku moja au mbili, kabla damu haijaganda. Wapo wanaoifanya nyumbani kwa pini iliyochomwa kwenye moto, na wengine hufaulu, lakini ushauri wa makala hii ni kutofanya hivyo. Kutoka ukucha hadi mfupa ni umbali wa milimita chache, mkono unatetemeka kwa maumivu, na vijidudu vikiingia mfupani matibabu huchukua wiki nyingi.

Hali ya pili ni ukucha uliong'oka nusu. Kishawishi cha kuumalizia ni kikubwa na kinapaswa kushindwa. Sehemu iliyobaki imeshikamana na nyama hai, na ukucha wenyewe, hata ukiwa umekufa, ndio kifuniko bora kuliko bandeji yoyote kwa nyama iliyo chini. Kipande kinachoning'inia na kunasa kwenye nguo hukatwa kwa mkasi uliochemshwa. Kilichobaki hulazwa mahali pake na kushikiliwa kwa plasta.

Hali ya tatu ni ukucha uliotoka wote. Nyama iliyo wazi huuma hata ikipulizwa na upepo, kwa hiyo nafuu hapa huja kwa kuifunika. Mafuta ya mgando mapya, ya kopo lisilochovywa vidole vya kila mtu, yapakwe kidogo, juu yake iwekwe shashi ya hospitali, kisha bandeji nyepesi. Mafuta huzuia shashi isigande kwenye nyama. Bandeji hubadilishwa kila siku, na kila inapolowa. Ikiwa imeganda, isivutwe kwa nguvu: ilowekwe kwanza kwenye maji ya chumvi, nusu kijiko cha chai cha chumvi katika robo lita ya maji yaliyochemshwa na kupoa, nayo itaachia bila kuchuna. Baada ya wiki moja hadi mbili kwa kawaida nyama hukauka na kuwa ngumu, na maumivu makali huisha.

Katika nyumba nyingi bado kuna vitu vinavyopakwa ambavyo havifai hata kidogo. Mafuta ya taa huunguza ngozi. Majivu, unga wa tumbaku na kinyesi cha ng'ombe huleta vijidudu ndani ya jeraha. Unga wa betri una kemikali zenye sumu. Dawa ya meno huleta ubaridi wa muda mfupi, kisha hukauka na kuwa ganda linalozuia kuona kinachoendelea. Kupasua kapsuli za rangi mbili na kunyunyizia unga wake juu ya kidonda nako ni kosa, maana unga huo haukutengenezwa kwa kidonda. Huganda na kufungia uchafu chini yake. Asali inastahili neno la haki: ina uwezo wa kweli wa kuzuia vijidudu, na zipo hospitali zinazoitumia kwenye vidonda. Lakini asali hiyo ya hospitali husafishwa kwa mionzi, tofauti na ya chupa ya sokoni ambayo huenda ikawa imechanganywa na sukari.

Jeraha lolote la mguu lililogusa udongo au samadi lina hatari ya pepopunda. Bakteria wake, Clostridium tetani, huishi kwenye udongo na kwenye kinyesi cha wanyama, na tundu dogo la msumari linamtosha. Kidonda kikiwa safi, chanjo ya kuongeza nguvu huhitajika kama imepita miaka 10 tangu ya mwisho. Kikiwa kichafu, kama imepita miaka 5. Asiyekumbuka achukuliwe kana kwamba hajachanjwa. Wanawake wengi walipata dozi zao kliniki wakati wa ujauzito, ilhali wanaume wengi watu wazima hawajachanjwa tangu utotoni, nao ndio wengi kwenye mijengo na machimbo. Sindano hiyo itafutwe mapema, siku ileile au inayofuata, bila kusubiri dalili.

Maumivu ya jeraha dogo hupungua kila siku. Yakianza kuongezeka baada ya siku ya pili au ya tatu, kuna jambo. Vitabu vingi hutaja wekundu kuwa dalili ya maambukizi, lakini kwenye ngozi nyeusi wekundu hauonekani vizuri. Badala yake patazamwe ngozi inayong'aa kwa kuvimba, iliyokolea weusi kuliko kawaida, yenye joto ikiguswa kwa mgongo wa mkono. Usaha, homa, na mtoki kwenye kinena ni dalili kwamba maambukizi yamepanda. Aende zahanati au kituo cha afya mapema pia yule ambaye kidole chake kimepinda, asiyeweza kukanyaga, mwenye jeraha lililopasua nyama ya chini ya ukucha, au ambaye damu yake haikomi baada ya kukandamizwa kwa dakika 20.

Watoto wanahitaji jicho la pekee. Mtoto anayecheza mpira pekupeku akijikwaa kwa nguvu na damu ikachuruzika kwenye shina la ukucha, pale unapotokea kwenye ngozi, jambo hilo lisichukuliwe kuwa mchubuko wa kawaida. Mfupa wa ncha ya kidole kwa mtoto una sehemu laini ya kukulia iliyo karibu sana na shina hilo, na inaweza kuvunjika na kufunguka nje kupitia kijeraha kinachoonekana kidogo. Hapo picha ya eksirei ni ya lazima, na mara nyingi antibiotiki pia, kwani maambukizi ya sehemu hiyo yanaweza kuharibu mfupa na kuzuia kidole kukua.

Mwenye kisukari naye asifuate makala hii peke yake. Kisukari cha muda mrefu huua fahamu za miguu, kiasi kwamba maumivu, yaliyo kipimo cha wengine, kwake hayapo au ni hafifu. Anaweza kuloweka mguu kwenye maji ya moto yakamuunguza asijue, au kutembea na usaha siku nyingi. Jeraha lolote la ukucha kwake, hata lisilouma, lionwe na mhudumu wa afya ndani ya siku moja, na tahadhari hiyohiyo inawahusu wenye ganzi ya miguu itokanayo na ukoma na wenye damu isiyofika vizuri miguuni.

Maumivu yakiisha, alama hubaki muda mrefu. Ukucha wa mguu hukua polepole, takriban milimita 1.6 kwa mwezi, chini ya nusu ya mwendo wa ukucha wa mkono, na wa kidole kikubwa huchukua miezi 12 hadi 18 kutoka upya wote. Doa la damu husogea mbele pamoja nao mpaka likatwe. Kwa sababu hiyo doa lisilosogea ni la kuhofiwa. Mwanamuziki Bob Marley alipogunduliwa kuwa na saratani mwaka 1977, ilikuwa chini ya ukucha wa kidole kikubwa cha mguu, na mwanzoni ilidhaniwa kuwa jeraha la mpira wa miguu. Alifariki Miami tarehe 11 Mei 1981. Jeraha halikuleta saratani hiyo, lakini lilitoa kisingizio cha kutoitafuta. Mistari ya kahawia kwenye kucha kadhaa ni ya kawaida kwa watu weusi na kwa kawaida haina madhara. Mstari mpya kwenye ukucha mmoja, unaopanuka, au weusi uliovuka na kuingia kwenye ngozi, unahitaji daktari wa ngozi. Njia nyepesi ya kupima ni kukwaruza kidogo ukucha kwa tupa penye ukingo wa nyuma wa doa, kisha kutazama baada ya miezi miwili: damu ya jeraha itakuwa imesonga pamoja na alama hiyo, na nyuma yake ukucha safi utakuwa umetokeza.

Wakati ukucha mpya unakua, viatu ndivyo vinavyoamua kama maumivu yatarudi. Kiatu kiache nafasi ya upana wa kidole gumba cha mkono mbele ya kidole kirefu zaidi. Wakimbiaji wa masafa marefu, na wapagazi wanaoshuka Kilimanjaro, hupata kucha nyeusi bila kujikwaa popote, kwa sababu kwenye mteremko mguu huteleza mbele na vidole kugonga kiatu maelfu ya mara. Kukaza kamba juu ya kifundo na kufupisha kucha kabla ya safari huzuia sehemu kubwa ya balaa hilo. Ndala huacha kidole wazi, ni nzuri ndani ya nyumba na wakati wa kuuguza, lakini si za kuvaa unapopasua kuni.

Ukucha mpya huenda ukatoka mnene, wenye matuta, au uliopinda kidogo, hasa kama mzizi wake uliumizwa. Ukatwe kwa mstari ulionyooka, pembe zisichimbwe. Nyama ya mbele ya kidole, ikikaa miezi bila ukucha juu yake, huinuka na kuuzuia unapofika. Kuisukuma chini taratibu kwa kidole gumba kila baada ya kuoga huufungulia ukucha njia. Kona ikianza kuzama nyamani, mguu hulowekwa kwenye maji ya vuguvugu mara 2 au 3 kwa siku, na unyuzi wa pamba safi huingizwa chini ya kona hiyo na kubadilishwa kila siku mpaka ukucha upite juu ya nyama. Usaha ukitokea pembeni, kazi hiyo huachiwa kituo cha afya.